Fahamu: Makosa ya kuunganisha bastola baada ya kuisafisha

Kuunganisha bastola ni kurudisha mtutu, springi na slaidi kwenye fremu baada ya kusafisha. Kipande kimoja kikikaa vibaya, silaha inaweza kukwama au kuharibika.

Hatari huanza mapema

Kosa baya kuliko yote hutokea kabla ya kufungua: risasi kusahaulika ndani ya chemba. Kutoa magazini hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia. Bastola kama Glock hufunguliwa kwa kuvuta kifyatulio kwanza, hivyo uzembe huo unaweza kuua mtu wa nyumbani. Toa magazini, vuta slaidi, kagua chemba kwa macho na kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine.

Wakati wa kuunganisha

Springi isiyokaa sawasawa chini ya mtutu ndiyo hukwamisha slaidi. Slaidi ikigoma, usiigonge, ifungue upya. Wengine hufungua vipande vya ndani visivyohitaji kuguswa, kisha hushindwa kuvirudisha.

Vumbi la Singida

Mazingira nayo huchangia: Singida, Tanzania, ni mkoa mkavu wenye upepo mwingi. Mafuta yakizidi hunasa vumbi na kugeuka tope zito ndani ya slaidi. Matone machache yanatosha.

Baada ya hapo

Bila risasi, vuta slaidi mara kadhaa na ujaribu kifyatulio ukiwa umeelekeza mtutu mahali salama. Ukiona kasoro, ipeleke kwa fundi mwenye leseni. Nchini Tanzania, umiliki wa silaha wenyewe unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015.