Rangi za Kutch Katika Nyumba za Mwambao

Kuta nyeupe za chokaa ni neema kwa apendaye rangi: kitambaa kimoja chatosha kuubadili ukumbi mzima. Nao Uhindi si mgeni kwetu. Pepo za kaskazi zilileta vitambaa vyake Lamu na Mombasa kwa karne nyingi.

Sisi twapendekeza ajrakh, kitambaa cha Kutch katika jimbo la Gujarat. Mafundi wake wengi ni Waislamu wa jamii ya Khatri. Baada ya tetemeko la ardhi la 2001, baadhi yao walijenga kijiji kipya, wakakiita Ajrakhpur. Nakshi hupigwa kwa mihuri ya mbao. Kwa desturi buluu hutoka kwenye nili, nyekundu kwenye mizizi, na nyeusi kwenye vyuma chakavu vilivyovundikwa pamoja na sukari guru. Ni nyota na maua matupu, hamna sura ya kiumbe. Hivyo chafaa hata chumba cha kuswalia.

Dada, kabla ya kulipa, kigeuze. Kazi ya mkono mara nyingi huwa na kasoro ndogo pale mihuri ikutanapo. Ya mashine haikosei kamwe, nasi twaiona baridi.

Usinunue seti nzima: chumba kilichonunuliwa siku moja hufanana na duka. Foronya mbili zatosha. Kando yake tundika kile kisutu cha harusi ya bibi kinachoozea sandukuni, na sahani zake zirudi kwenye zidaka badala ya kuuziwa wachuuzi.

Ajrakh kifuliwe peke yake kwa maji baridi, kianikwe kivulini.