Mabomba mawili ukutani yanayobeba uhai wa familia wakati wa baridi

JANUARI 2005, dhoruba kali ya theluji iliikumba pwani ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Katika mji wa Plymouth, jimbo la Massachusetts, theluji ilirundikana kwenye ukuta wa nyumba moja na kuziba bomba la kutolea moshi wa mtambo wa kupashia nyumba joto. Moshi ulikosa njia ya kutoka, ukarudi ndani, na mtoto wa kike mwenye umri wa miaka saba akafariki dunia kwa sumu ya gesi ya kaboni monoksidi.

Mwaka huo huo jimbo hilo lilipitisha sheria, inayofahamika hadi leo kwa jina la mtoto huyo, ya kulazimisha nyumba kuwekewa ving'ora vya kutambua gesi hiyo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, mtambo huo ni kitu kigeni. Hata hivyo, maelfu ya ndugu zetu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanaishi katika miji ya Marekani na Kanada ambako tanuri la gesi ndilo linalowakinga na baridi kali. Wengi wao hukutana nalo kwa mara ya kwanza maishani wakiwa tayari wamekabidhiwa funguo za nyumba. Makala haya yanaeleza kazi ya mabomba ya tanuri hilo, na sababu za kutoyafanyia mzaha.

Moto nao unavuta pumzi

Gesi asilia inayotumika majumbani sehemu yake kubwa ni methani. Ili futi moja ya ujazo ya gesi hiyo iungue sawasawa, huhitaji takriban futi kumi za ujazo za hewa. Ikipata hewa ya kutosha, hutoa hewa ukaa na mvuke wa maji. Ikipungukiwa, huungua nusunusu na kuzalisha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Gesi hiyo ikiingia mwilini hung'ang'ania chembechembe za damu zinazosafirisha oksijeni kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Ndiyo hiyo hiyo inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Nchini Marekani, takwimu za kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, zinaonyesha kuwa zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka kwa sumu hiyo kwa bahati mbaya, mbali na vifo vinavyotokana na ajali za moto.

Kwa hiyo tanuri lina mahitaji mawili: hewa safi ya kuingia na njia salama ya kutolea moshi.

Matanuri ya zamani na ya kisasa

Matanuri ya zamani huchota hewa kutoka ndani ya nyumba, na moshi wake wa moto hupanda kwa wepesi wake kupitia dohani. Kanuni ya Marekani ya mitambo ya gesi, NFPA 54, hutaka mtambo unaotegemea hewa ya ndani uwe na nafasi isiyopungua futi 50 za ujazo kwa kila BTU 1,000 za nguvu yake kwa saa. Kwa tanuri la BTU 100,000, hiyo ni takriban meta za ujazo 140, sawa na ukumbi wa meta nane kwa saba wenye dari ya meta mbili na nusu. Mwenye tanuri la aina hiyo akilizungushia kuta ili apate stoo, au akiziba matundu ya mlango kwa kukwepa baridi, anaukaba moto koo.

Matanuri ya kisasa, yenye ufanisi wa asilimia 90 na zaidi, hukamua joto la moshi mpaka mvuke uliomo hugeuka kuwa maji. Moshi huwa umepoa kiasi cha kupita katika bomba la plastiki, lakini pia umepoteza nguvu ya kupanda wenyewe. Hivyo husukumwa na feni hadi nje. Katika mfumo wa mabomba mawili, la pili huleta hewa ya nje moja kwa moja kwenye chumba cha moto, bila kugusa hewa wanayovuta wakazi.

Ufungaji wenyewe

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, lakini ni vema mwenye nyumba aelewe anachokiona. Unene wa bomba, mara nyingi inchi mbili au tatu, hutegemea nguvu ya tanuri, urefu wa safari na idadi ya kona. Kila kona huhesabiwa kama urefu wa ziada katika jedwali la mtengenezaji. Mabomba hukatwa wima, hulainishwa kingo, hujaribiwa bila gundi, kisha husafishwa kwa dawa yake na kugandishwa.

Bomba la moshi halilazwi sawa. Huinamishwa kurudi upande wa tanuri, takriban sentimeta mbili kwa kila meta, ili maji yenye asidi yarudi na kumwagwa katika mfereji wake. Likikosa vishikizo likabonyea katikati, maji hutuama hapo na kuziba njia.

Nje, ncha za mabomba hukaa angalau sentimeta 30 juu ya kimo cha theluji inayotarajiwa, mbali na madirisha na milango. Ncha hizo hupangwa kwa umbali uliowekwa na mtengenezaji, ili moshi unaotoka usivutwe tena na bomba la hewa.

Hatari nyingine hujificha kwenye mtambo wa kuchemshia maji. Tanuri la zamani likiondolewa, mara nyingi mtambo huo hubaki peke yake kwenye dohani iliyojengwa kwa ajili ya viwili. Moshi wake mdogo hupoa njiani, hukosa nguvu ya kupanda na huweza kumwagika ndani ya nyumba. Fundi anayebadilisha tanuri hana budi kuikagua dohani hiyo pia.

La kufanya

Matanuri ya kisasa yana swichi inayohisi msukumo wa hewa na kuzima moto bomba linapoziba. Tanuri linalojizima mara kwa mara linatoa taarifa. Kulilazimisha liwake ni kuinyamazisha taarifa hiyo. Mpangaji na amwite mwenye nyumba bila kuona haya.

Baada ya kila dhoruba, theluji iondolewe kwenye ncha za mabomba. King'ora cha kaboni monoksidi kiwepo kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Iwapo watu kadhaa wataumwa kichwa, kupata kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, na nafuu ikaja wanapotoka nje, wote watoke mara moja na kupiga namba ya dharura 911, inayotumika Marekani na Kanada.

Anayeondoka leo kwenda nchi za baridi huagwa kwa kukumbushwa koti zito na viatu vya theluji. Akumbushwe pia, siku atakapofika, azunguke nyuma ya nyumba akayatafute mabomba hayo mawili na kuhakikisha kuwa hayajaziba.