Si Kila Nyota ni Nyota: Kwa Nini Skrubu za Samani Huliwa Kichwa

Kabati la nguo siku hizi mara nyingi halitoki dukani likiwa kabati. Linatoka likiwa boksi zito lenye mbao bapa, kimfuko cha nailoni kilichojaa skrubu, na karatasi ya michoro isiyo na maelezo ya maana. Mnunuzi anafika nyumbani, anatafuta bisibisi ya nyota, anaanza kukaza. Skrubu mbili za kwanza zinaingia vizuri. Ya tatu inagoma nusu ya njia, bisibisi inaruka na kukwaruza, na ule msalaba wa kichwani unageuka kishimo cha duara kinachong'aa. Haiingii tena, wala haitoki.

Lawama zote humwendea mtengenezaji. Wakati mwingine anastahili, maana zipo skrubu za chuma laini ambazo hazivumilii hata mkono wa mtoto. Lakini mara nyingi skrubu haina kosa. Bisibisi ndiyo siyo yake.

Nyota ya kawaida inaitwa Phillips, kwa jina la Henry Phillips wa Portland, Marekani, aliyeipeleka viwandani katika miaka ya 1930. Viwanda vya magari viliipenda kwa sababu ncha yake inajipata yenyewe katikati ya kichwa, hivyo mashine inakaza haraka. Ubaya wake ni kwamba kuta za msalaba wake zimeinama. Skrubu ikikaza, mteremko ule huisukuma ncha itoke nje, na kila inaporuka inakula chuma.

Ndipo ikaja Pozidriv, nyota iliyoboreshwa. Kuta zake zimekaribia kuwa wima, kwa hiyo ncha hushika chini kabisa. Hii ndiyo iliyoenea Ulaya, na ndiyo inayopatikana kwenye samani nyingi za kuunganisha, zikiwamo za IKEA, kampuni ya Uswidi iliyoanza kuuza samani za boksi bapa katika miaka ya 1950. Kuitambua ni rahisi ukiwa na mwanga wa kutosha: kati ya mikono minne ya msalaba kuna mistari minne myembamba, kama mikwaruzo ya sindano. Ukiiona, weka kando bisibisi ya Phillips. Itaingia, ndiyo, na hapo ndipo inapodanganya watu, lakini itacheza ndani na kuanza kutafuna. Kinyume chake nako hakufai: ncha ya Pozidriv haikai sawasawa kwenye kichwa cha Phillips.

Ncha zenyewe huandikwa ubavuni. PH ni Phillips, PZ ni Pozidriv, na namba inayofuata ni ukubwa. Skrubu nyingi za samani hutaka PZ2. Jaribio la haraka ni kuchomeka ncha kwenye skrubu na kuitikisa: ikichezacheza, siyo yake.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya mkono. Bisibisi isimame wima juu ya skrubu, na nguvu ya kusukuma izidi ya kuzungusha. Wengi hufanya kinyume. Mwenye drili apunguze nguvu kwa ile pete yenye namba, kisha mizunguko ya mwisho aimalizie kwa mkono. Skrubu zote ziingizwe kwa kulegea kwanza, ndipo zikazwe moja baada ya nyingine, la sivyo mbao hupinda na tundu la mwisho halilingani. Skrubu ikigoma kuingia, isilazimishwe. Itolewe, ipakwe sabuni ya mche au nta ya mshumaa, irudishwe.

Ubao nao una mipaka yake. Samani hizi nyingi ni za chembechembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, na tundu likishatanuka skrubu huzunguka bila kushika. Njiti za meno zilizopakwa gundi ya mbao, zikajazwa tunduni na kuachwa zikauke, huirudishia mashiko. Kuongeza skrubu nene zaidi ni tamaa inayopasua ubao.

Kichwa kikishaliwa kidogo tu, kipande cha rababendi kati ya ncha na skrubu wakati mwingine husaidia, ingawa sifa zake zimezidi uwezo wake. Kikiwa kimejitokeza juu ya ubao, koleo hukitoa kwa uhakika zaidi. Na skrubu ikishatoka isirudishwe. Itafutwe nyingine ya urefu uleule, kwani ndefu hutokeza upande wa pili wa mlango.

Kwa hiyo kabla ya kufungua boksi lijalo, pita duka la vifaa vya ujenzi uulize ncha ya PZ2. Muuzaji akikupa yenye maandishi PH2 akasema ni ileile, mrudishie.