Kuchagua Chuo kwa Hesabu: Mkopo, Ruzuku na Mzigo Unaobaki Nyumbani

Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kibiti na Delta ya Rufiji

Matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, furaha huingia katika nyumba nyingi za wanachama, tangu Bungu na Jaribu Mpakani hadi visiwa vya delta. Baada ya furaha hiyo hufuata swali ambalo wazazi wengi huliuliza kwa kuchelewa: je, mtoto aende chuo gani, na nani atalipa? Mara nyingi chuo huchaguliwa kwanza, kwa sifa ya jina lake au kwa sababu ada yake inaonekana ndogo, na fedha hutafutwa baadaye. Utaratibu huo ni wa kinyume. Chuo na fedha ni jambo moja, na yafaa vipimwe pamoja kabla kijana hajathibitisha nafasi yake.

Wanachama wenye umri mkubwa wanakumbuka wakati ambapo mwanafunzi wa chuo kikuu aligharimiwa na Serikali kwa kila kitu, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 alitakiwa kwanza kufanya kazi ndipo ajiunge na chuo. Utaratibu huo haupo tena. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 ulianza uchangiaji wa gharama, na kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Kwa upande wa shule za umma, ada iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita katika mwaka wa masomo 2022/2023. Matokeo yake ni kwamba mzazi wa leo huweza kukutana na ada kubwa kwa mara ya kwanza mlangoni mwa chuo, bila kuwa na mazoea ya kuipigia hesabu.

AINA ZA MSAADA

Neno "msaada" hutumiwa kwa mambo yasiyofanana, na hapana budi yatenganishwe.

Kwanza ni ruzuku au ufadhili. Hizi ni fedha ambazo mwanafunzi hazirudishi. Mfano wake ni ufadhili unaojulikana kwa jina la Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanafunzi waliofaulu kwa kiwango cha juu katika masomo ya sayansi na kuchagua kozi za fani hizo. Nafasi zake ni chache, na kijana asiutegemee kabla hajaupata.

Pili ni mkopo wa Bodi. Hili ni deni, ingawa hulipwa baada ya masomo. Mkopo huu hutolewa kwa kuangalia uhitaji wa mwombaji, na hugawanywa katika vifungu: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fedha za ada hupelekwa chuoni moja kwa moja. Fedha za kujikimu hulipwa mwanafunzi kwa awamu. Mwaka 2022 kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku.

Tatu ni fedha za jamaa, za chama cha akiba na mikopo, au za mfuko wa elimu ambao wanachama wenyewe wameuanzisha. Fedha hizi huwa kidogo, lakini faida yake ni kwamba huweza kupatikana karibu na kwa wakati.

Yapo mambo mawili ambayo huwapotosha wazazi wengi. La kwanza ni kudhani kwamba kila anayepata mkopo hupata mkopo kamili. Sivyo. Wanafunzi wawili wa kijiji kimoja, kozi moja na chuo kimoja wanaweza kupangiwa viwango tofauti. Hali kadhalika, kiasi cha ada anachokopeshwa mwanafunzi kinaweza kuwa pungufu ya ada halisi ya chuo, hasa pale chuo kinapotoza ada ya juu. Tofauti hiyo hubaki juu ya mzazi. La pili ni kudhani kwamba kila kozi ina mkopo. Kwa miaka mingi mikopo ya Bodi ilikuwa ya shahada. Katika mwaka wa masomo 2023/2024 ilianza kutolewa pia kwa stashahada, lakini katika fani zilizotajwa kuwa za kipaumbele. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuomba kozi yoyote ya stashahada ni hili: je, fani hii imo katika mwongozo wa mikopo wa mwaka huu?

HESABU YENYEWE

Kipimo sahihi cha ughali wa chuo ni kile kinachobaki kulipwa na kaya baada ya msaada kutolewa, kila mwaka, hadi mwisho wa masomo. Ada iliyoandikwa katika kitabu cha chuo haitoshi kuwa kipimo. Mfano ufuatao ni wa kufikirika, umewekwa ili kuonyesha njia tu.

Chuo cha kwanza kina ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka, na matumizi mengine ya shilingi 2,700,000. Jumla ni shilingi 4,000,000. Mkopo uliopangwa ni shilingi 3,200,000. Kinachobaki ni shilingi 800,000 kwa mwaka.

Chuo cha pili kina ada ya shilingi 2,200,000 na matumizi mengine ya shilingi 2,300,000. Jumla ni shilingi 4,500,000. Mkopo ni ule ule wa shilingi 3,200,000. Kinachobaki ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka.

Chuo cha tatu ni cha stashahada, katika fani isiyo na mkopo. Ada ni shilingi 900,000 na matumizi mengine shilingi 1,600,000. Jumla ni shilingi 2,500,000, na zote hubaki kwa mzazi.

Anayetazama ada peke yake atasema chuo cha tatu ndicho rahisi. Lakini kwa mfuko wa kaya ndicho kizito kuliko vyote kwa kila mwaka. Mkulima ataliona jambo hili vizuri zaidi akiligeuza kuwa korosho. Tuseme kilo moja, baada ya makato yote, inamwachia shilingi 2,000. Chuo cha kwanza kitamdai kilo 400 kila msimu. Cha pili kilo 650. Cha tatu kilo 1,250. Mwanachama anayepeleka ghalani kilo 700 kwa mwaka, na ana watoto wengine wa kulisha, anajua mara moja ni mlango upi anaoweza kuupita.

Hata hivyo chuo cha tatu kina sifa yake: masomo ni ya miaka miwili, na kijana hutoka bila deni. Katika vyuo viwili vya kwanza, baada ya miaka mitatu, deni ni shilingi 9,600,000. Kwa sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mdaiwa. Kijana akianza kazi kwa mshahara wa shilingi 800,000, makato ni shilingi 120,000 kwa mwezi, na deni litamalizika baada ya miezi 80, yaani miaka sita na miezi minane, bila kuhesabu tozo ya uendeshaji. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongeza deni mwaka hata mwaka. Huo ulikuwa unafuu mkubwa, lakini deni lenyewe halikuondolewa.

Mkopo si jambo la kuogopwa. Bila mkopo, watoto wengi wa wakulima na wavuvi wasingefika chuo. Linalotakiwa ni kijana na mzazi wake kujua, kabla ya kutia sahihi, ni kiasi gani kitarudishwa na kwa muda gani.

MAMBO YANAYOHUSU DELTA

Kaya za Mbwera, Salale, Maparoni, Kiongoroni na Msala zina gharama ambazo hazimo katika kitabu cha chuo chochote. Safari huanza kwa chombo cha majini hadi bara, Nyamisati kwa mfano, ndipo ifuate barabara. Nauli hiyo, kwenda na kurudi, iingizwe katika hesabu. Akiwa chuoni, kijana hawezi kuletewa mchele na samaki kila mwezi kama anayesoma karibu na kwao.

Jambo kubwa zaidi ni nyaraka. Maombi ya mkopo hufanyika kwa njia ya mtandao, na huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, fomu iliyotiwa sahihi na uongozi wa kijiji au mtaa, na mdhamini mwenye kitambulisho. Aliyefiwa na mzazi huambatisha cheti cha kifo kilichohakikiwa. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, huthibitishwa na mganga. Kaya iliyomo katika mpango wa TASAF hutaja namba yake. Mwombaji aliyesomeshwa na mfadhili katika shule binafsi huonyesha uthibitisho wa ufadhili huo. Asipofanya hivyo, ada ile kubwa huweza kuonekana kuwa dalili ya uwezo wa wazazi.

Watoto wengi wa delta wamezaliwa nyumbani, na wapo waliofika kidato cha sita bila cheti cha kuzaliwa. Wengine wana jina moja katika cheti cha shule na jingine katika cheti cha kuzaliwa. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba na makazi ya watu wengi katika Rufiji na Kibiti, na maji yanapoingia nyumbani karatasi hazisalimiki. Mambo haya hurekebishika, lakini si kwa wiki moja, na dirisha la maombi halimngoji mtu aliyekwama kwa kusubiri maji yajae. Yafaa kazi hii ianze mtoto akiwa kidato cha tano.

WAJIBU WA KATIBU NA CHAMA

Katibu wa chama cha msingi hana mamlaka ya kutia sahihi mahali pa uongozi wa kijiji, wala si kazi yake kuandika kwamba mwanachama ni fukara ilhali vitabu vinasema vingine. Lakini anavyo vitabu. Anaweza kumpa mwanachama maelezo ya mauzo yake ya ufuta na korosho kwa misimu mitatu, ili kaya ijue uwezo wake halisi badala ya kukisia kwa msimu mmoja uliokuwa mzuri.

Pili, katibu akumbushe majira. Malipo ya ufuta huja katikati ya mwaka. Ya korosho huja mwishoni. Vyuo vikuu vingi hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, na fedha za kujikimu huweza kumfikia mwanafunzi baada ya kuwa amekwisha kufika. Kwa hiyo sehemu ya fedha za ufuta iwekwe kwa ajili ya safari na wiki za mwanzo. Asiyefanya hivyo hulazimika kuuza korosho shambani kwa kangomba, kwa bei ya hasara, ili mtoto asafiri.

Tatu, vyama vyenye uwezo vinaweza kuzungumzia katika mkutano mkuu mfuko mdogo wa elimu, au kushirikiana na chama cha akiba na mikopo ili watoe mkopo mfupi wa kufungulia chuo, unaorudishwa baada ya mnada wa korosho. Masharti yaandikwe na kiwango kiwe sawa kwa wote. Fedha za wakulima zinazosubiri kulipwa zisiguswe kwa shughuli hiyo hata siku moja.

KABLA YA KUTHIBITISHA CHUO

Kijana aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa tarehe iliyowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kabla ya siku hiyo, mzazi na kijana wakae na karatasi na kujibu maswali haya. Jumla ya gharama kwa mwaka ni kiasi gani, pamoja na nauli? Ni kiasi gani kinachoweza kutegemewa, na katika hicho, ruzuku ni ipi na mkopo ni upi? Kinachobaki ni kilo ngapi za korosho? Je, kilo hizo zitapatikana kwa miaka yote, hata msimu ukiwa mbaya? Na mkopo ukija pungufu, nani ataziba pengo? Ikumbukwe kwamba Bodi hufungua muda wa rufaa kwa wasioridhika. Mwenye nyaraka kamili ndiye hunufaika nao.

Pigo kwa kaya si mtoto kukosa chuo chenye jina kubwa. Pigo ni mtoto kurudi nyumbani katika mwaka wa pili, ng'ombe wameuzwa, shamba limewekwa rehani, cheti hakuna, na deni la mwaka wa kwanza liko pale pale. Karatasi moja na jioni moja ya hesabu huweza kuizuia hasara hiyo. Makatibu wanaombwa kuyasoma maelezo haya mbele ya wanachama katika mkutano ujao, kabla ya msimu wa ufuta kufungwa.