Nakala Iliyookolewa na Giza

Juni 27, 2017, kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk zilianza kuzimika moja baada ya nyingine. Kwenye makao makuu yake mjini Copenhagen, wafanyakazi walikimbia kwenye korido wakipigiana kelele za kuchomoa mashine kabla hazijaambukizwa. Virusi vilivyokuja kuitwa NotPetya vilikuwa vimepenya kupitia programu ya mahesabu ya kodi inayotumika Ukraine, na ndani ya saa chache vikawa vimevuka mabara.

Maersk haikuwa imelala. Seva zake zipatazo 150, zile zinazojua ramani ya mtandao mzima na nani aruhusiwe kuingia wapi, zilikuwa zikinakiliana usiku na mchana. Ikifa moja, wenzake wapo. Jambo ambalo halikufikiriwa ni zote kufa siku moja, na ndilo lililotokea. Mafundi walipekua dunia nzima mpaka wakaipata seva moja iliyo hai, nchini Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya virusi kufika, na mashine ile ikabaki nje ya mtandao.

Kuituma data hadi kwa mafundi walioko Uingereza kwa intaneti ya ofisi ile kungechukua siku kadhaa. Kuipeleka kwa mkono nako kukagonga mwamba, kwa sababu hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja wao apande ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, na huyo akaendelea nayo hadi London. Mkasa huo uliandikwa mwaka 2018 na Andy Greenberg wa jarida la Wired. Maersk yenyewe ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300.

Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea kusonya taa zikizimika katikati ya kazi, mkasa huu una utamu wake. Lakini kosa la Maersk ndilo hilohilo la mwalimu, karani au mwanafunzi anayesema, “Mimi vitu vyangu viko Google Drive, sina wasiwasi.” Folda iliyounganishwa na hifadhi ya mtandaoni ni kioo. Ukifuta faili kwenye laptopu, linafutika kule pia. Virusi vikilifunga, kinachopanda juu ni lile lililofungwa. Ipo nafuu: Google Drive huliweka faili lililofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30. Asiyegundua mapema ndiye anayeumia.

Nakala ya kweli inakaa mbali na ile ya kwanza. Mpigapicha wa Kimarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeueneza mpango unaotajwa kwa tarakimu tatu, 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Usiku wa Machi 10, 2021, jengo la seva la kampuni ya OVH liliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa kwenye eneo lilelile lililoungua.

Nyumbani, mpango huo hauhitaji utaalamu. Windows inayo File History: unachomeka diski ya nje, unaiwasha mara moja, nayo inanakili nyaraka na picha kila saa huku ikitunza matoleo ya zamani. Wenye Mac wana Time Machine tangu mwaka 2007. Kazi ikiisha, diski ichomolewe. Diski inayobaki imechomekwa siku nzima itaambukizwa pamoja na kompyuta yake, na mwizi wa laptopu hataiacha mezani. Bora ilale kwa dada au kabatini ofisini.

Tahadhari moja sokoni: flashi inayodai kubeba terabaiti 2 kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku haibebi kitu hicho. Ndani ina nafasi ndogo, na imechezewa ili iidanganye kompyuta. Inapokea mafaili kwa heshima zote, ikijaa inaandika juu ya yale ya mwanzo. Programu ya bure iitwayo H2testw huiumbua.

Na kama maji yamekwisha kumwagika? Hapo inategemea yamemwagika wapi. Kompyuta ikifuta faili, kwa kawaida inachofuta ni jina tu. Ni kama gesti: mgeni amekatwa kwenye daftari la mapokezi, lakini bado yumo chumbani, na ataendelea kuwemo mpaka chumba kipewe mtu mwingine. Ndiyo maana aliyefuta kwa bahati mbaya anatakiwa aache kuitumia kompyuta hiyo papo hapo, asipakue wala kusakinisha chochote juu yake. Programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, hupita mlango kwa mlango ikiwatafuta wageni hao. Inafanya vizuri kwenye flashi, kadi za kamera na diski za zamani zinazozunguka. Kwenye SSD za laptopu mpya matumaini ni madogo, maana mhudumu wake hana subira: jina likikatwa tu, chumba kinafagiliwa.

Wakati mwingine hakuna kilichopotea kabisa. Flashi iliyopita kwenye kompyuta za steshenari huweza kurudi na folda zote zimegeuka vialama vya njia za mkato. Mwenye nayo anahamaki, anaifomati. Kumbe mafaili yalikuwa mle mle, yamefichwa tu na virusi, na fundi anayejua anayafichua kwa amri ya mstari mmoja.

Pengine hatari kubwa mtaani ni ile inayoitwa kupiga window. Laptopu imegoma kuwaka, inapelekwa kwa fundi, jioni inarudi ikiwaka kama mpya. Na ni mpya kweli: kila kilichokuwa Desktop, mahali ambapo wengi wetu tunarundika maisha yetu yote, hakipo. Kompyuta kugoma kuwaka haina maana kwamba diski imekufa. Fundi aombwe kwanza aitoe, aiunganishe na mashine nyingine, avute mafaili, ndipo apige anachotaka. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker, hivyo ataomba ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, na wengi hawakumbuki hata kwamba waliifungua.

Nakala nayo inataka kujaribiwa. Mwaka 1998, studio za Pixar zilikuwa zikitengeneza filamu ya Toy Story 2 pale amri moja ilipoanza kufuta mafaili yake, wahusika wakawa wanatoweka kwenye skrini. Walipoikimbilia akiba, wakakuta haikuwa ikifanya kazi sawasawa na hakuna aliyejua. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi, ambaye alikuwa amejifungua karibuni na alikuwa na nakala nyumbani ili afanyie kazi huko. Kompyuta hiyo ilirudishwa studio kwa gari, imefungwa kwenye mablanketi.

Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, nyumba ya Susman ni baruapepe. Gmail inaruhusu kutuma kiambatisho cha hadi megabaiti 25, na tasnifu isiyo na picha nyingi haifiki huko. Kila jioni anajitumia sura aliyoandika, kisha anaifungua kwenye simu kuhakikisha imefika. Kasoro yake ni majina tu. Mwezi wa tatu sasa, na kikasha kimejaa “sura ya nne mpya”, “sura ya nne mpya kabisa” na “sura ya nne ya mwisho 2”.