Reli Haziazimani Vichwa

Treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikikwama porini Zambia, kwa nini wasiite kichwa cha treni cha Shirika la Reli Tanzania, kama kile kinachopita Same, kije kuivuta? Swali hili huulizwa Gonja wilayani Same, huulizwa stendi ya Same, na huulizwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba kuna mkubwa aliyezembea. Wahandisi wa reli wamechoka kulijibu.

Reli inayopita Mkomazi, Hedaru, Makanya na Same ni ya enzi za Wajerumani, na nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067, kwa kuwa ilitakiwa kuungana na reli ya Zambia na zile za kusini mwa Afrika. Tofauti haifiki upana wa kiganja. Basi hapo ndipo mjuaji anapopata nguvu: milimita 67 tu?

Ndiyo, 67 tu. Gurudumu la treni halina usukani. Linaongozwa na mteremko wa uso wake na kuzuiwa na ukingo wake wa ndani, navyo hufanya kazi pale tu gurudumu linapokaa sawasawa juu ya chuma. Kichwa cha Same juu ya TAZARA kingepwaya kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Hakuna mhandisi atakayekiruhusu kisogee hatua kumi, seuze kivute mabehewa kwenye kona na mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako. Anayebisha aende Kidatu. Reli za vipimo hivyo viwili zinakutana pale, lakini ili shehena ivuke lazima ishushwe huku na kupakiwa kule.

Akishindwa hapo, mjuaji hurukia treni ya umeme ya SGR, reli mpya ya kisasa. Hiyo ndiyo balaa zaidi: milimita 1,435, na njia ya TAZARA haina nyaya za umeme. Wengine wamesoma kwamba huko Brest, mpakani mwa Belarus na Poland, mabehewa yalikuwa yakibadilishiwa magurudumu abiria wakiwa ndani. Kweli kabisa, ila ilifanyika ndani ya karakana yenye mitambo ya kunyanyua behewa zima, si kichakani saa nane usiku.

Kinachomchelewesha abiria ni jambo jingine. Kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860 za njia moja, treni zikipishana stesheni. Behewa moja likitoka relini, treni za mbele na za nyuma zote zinasimama, na msaada huenda ukatoka mbali, maana karakana kubwa ziko Dar es Salaam na Mpika.

Basi abiria afanye nini? Kabla ya kufunga safari aulize kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo. Pasipoti aiweke mwilini, si kwenye begi, na ahakikishe imegongwa muhuri mpakani Tunduma na Nakonde. Atakayelazimika kuacha treni na kudandia basi ataulizwa muhuri huo. Tiketi asiitupe. Awe na kwacha za chakula cha siku ya ziada, na maji. Asishuke kutembea juu ya reli. Na saa aibadilishe: Zambia iko nyuma kwa saa moja, hivyo treni iliyoandikwa 07:00 pale Kapiri Mposhi huondoka wakati Gonja ni saa mbili asubuhi.