Fahamu: Chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi hupimwaje?
Mfugaji wa Naivasha au Gilgil ambaye mbuzi wake wamechanjwa dhidi ya sotoka (PPR) asidhani wamekingwa pia na homa ya mapafu ya kuambukiza, CCPP. Sotoka huletwa na virusi. CCPP huletwa na bakteria wa jamii ya mikoplasma, ambao mbuzi huwavuta kwa hewa kutoka kwa mwenzake anayekohoa. Ukiingia kwenye kundi lisilo na kinga, ugonjwa huu unaweza kuua zaidi ya nusu.

Ripoti ya mwaka 1976 kutoka Kenya ilieleza kimelea cha CCPP kilichopewa jina F38. Mwaka 1987, watafiti wa Muguga, nchini humo, walieleza chanjo yake: vimelea vilivyouawa, vikachanganywa na saponini ili kuamsha kinga.

Kupima chanjo kama hii kunahitaji moyo mgumu. Mbuzi waliochanjwa na wasiochanjwa huwekwa pamoja na wagonjwa, kisha mapafu yao hukaguliwa. Kingamwili kwenye damu pekee hazithibitishi kwamba mnyama amekingika. Shambani kuna tatizo jingine: katika maeneo kama Baringo, mbuzi aliyewahi kuugua akapona huwa na kinga yake mwenyewe, na anaweza kuipa chanjo sifa isiyo yake. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya sindano, na naona jaribio lililoruka hatua hiyo halifai kuaminiwa.

Chanjo hurudiwa kila mwaka. Mbuzi aliyenunuliwa mnadani atengwe kwanza, hata akionekana mzima.